Mombasa na watoto bila kurudi na madeni: mpango wa likizo kwa familia ya Nairobi

Bahari haina kiingilio. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi ni wa umma, Mama Ngina Waterfront mtu huingia bila tiketi, na mtoto wa Umoja au Kawangware akishaingia majini haulizi mmelala hoteli ya nyota ngapi. Pesa za familia huishia kwenye mambo matatu: tarehe mliyochagua, mahali mnapolala, na mazoea ya kununua kila mlo mkiwa kule. Yote matatu huamuliwa mkiwa bado Nairobi, miezi kadhaa kabla ya safari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ninayoeleza hapa hufanyiwa mezani nyumbani, daftari likiwa wazi na watoto wakiwa wamelala.

Hesabu zangu zinahusu familia ya watu wanne, wazazi wawili na watoto wawili wa shule ya msingi. Kama mko sita, au mnasafiri na nyanya, takwimu zitabadilika lakini mpangilio ni uleule.

Hatua ya 1: Amueni tarehe kabla ya kutafuta nyumba

Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti na mwisho wa Oktoba. Shida ni kwamba Nairobi nzima huikumbuka Pwani kwa wakati mmoja: Pasaka, Agosti baridi inapotuchosha, na zaidi ya yote kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya upite. Wiki hizo nyumba ileile yenye vitanda vilevile hukodishwa kwa bei nyingine kabisa, tiketi za treni huisha mapema, na mabasi hupandisha nauli bila kumwuliza mtu.

Kipindi ninachokipenda, na ninachomshauri kila mzazi anayeniuliza, ni Novemba. Watoto wa msingi wameshafunga shule na msimu wa Krismasi haujaanza. Wenye nyumba wana vyumba vitupu na wako tayari kusikiliza. Ni kweli kwamba mvua za vuli huweza kunyesha, lakini mara nyingi huja kwa vipindi, kisha jua linarudi. Anayekupa nyumba kwa bei nzuri Novemba ndiye atakayekuambia Desemba kwamba bei haina mazungumzo.

Kama ruhusa ya kazi haipatikani Novemba, chagueni wiki ya kwanza ya Desemba, au siku za mwanzo mwanzo za likizo ya Agosti. Mei iepukeni hata bei ikiwa ya kutupa, kwa sababu ndio mwezi wa mvua nyingi kule na mnaweza kukaa ndani siku nne mfululizo na watoto waliobeba nguo za kuogelea.

Jueni pia pepo za msimu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huvuma kusi: bahari huchafuka, mawimbi huwa makubwa, mwani hujaa ufuoni, ila joto hupungua na usingizi wa usiku ni mtamu. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huleta maji matulivu na safi zaidi, pamoja na joto kali, hasa Januari hadi Machi. Mwenye mtoto mchanga afikirie joto hilo kabla ya kutamani maji matulivu.

Jambo la mwisho kuhusu tarehe: fikeni Jumapili au Jumatatu, ondokeni Ijumaa. Nyumba nyingi hutoza zaidi usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na ufuo wa umma siku ya Jumapili hujaa hadi mtoto akipotea kumpata ni kazi.

Hatua ya 2: Andikeni hesabu yote kwenye karatasi moja

Familia nyingi huhesabu nauli na nyumba, kisha husema "chakula tutaona hukohuko". Hapo ndipo mkopo wa simu huanzia. Hii ndiyo hesabu ninayoanza nayo mimi kwa usiku 5, nje ya msimu:

- Treni ya daraja la kawaida, kwenda na kurudi: shilingi 9,000
- Kufika kituo cha treni cha Syokimau kutoka nyumbani, na kutoka kituo cha Miritini, Mombasa, hadi nyumba ya likizo, pande zote: 4,000
- Nyumba yenye jiko, 5,000 kwa usiku: 25,000
- Chakula, 2,000 kwa siku, siku 6: 12,000
- Matatu na tuktuk mjini: 5,000
- Matembezi ya kulipia: 6,000

Jumla ni 61,000. Ongezeni 6,000 ya dharura, iwe 67,000. Fedha ya dharura iandikwe peke yake na isiguswe kwa ajili ya ngamia wala aiskrimu. Mkianza kuweka akiba Machi kwa safari ya Novemba mna miezi 8, na kila mwezi ni kama 8,400. Kwa familia zingine hizo ni pesa za chama. Zingine huzifungia M-Shwari, akiba ya simu, ili zisitoke kwa urahisi. Na Sacco nyingi zina akaunti ya akiba ya likizo. Njia yoyote ni sawa, ilimradi pesa isikae pamoja na ile ya unga na kodi.

Hesabu ikishakamilika, waonyesheni watoto wakubwa. Mtoto wa miaka 10 anayejua kwamba matembezi yana 6,000 husaidia kuchagua, na hatawasumbua kila kibanda mkipita.

Hatua ya 3: Nauli

Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 hukaa mapajani bure. Kwa familia yetu ya wanne, daraja la kawaida kwenda na kurudi ni 9,000, na la kwanza ni 27,000. Tofauti hiyo ya 18,000 ni usiku tatu na zaidi wa nyumba. Sioni sababu ya kuilipa. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana na vina meza ndogo katikati, na watoto hupenda kukaa hivyo.

Tiketi hukatwa kwa kubonyeza *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na malipo ni ya M-Pesa. Kateni zote kwa mkupuo mmoja ili mkae pamoja, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kuhusu saa ya kusafiri nina msimamo. Treni ya saa mbili asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya njiani, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kadhalika. Watu huikimbia wakisema ni ya polepole. Kwa familia ndiyo bora kuliko zote. Mnapita Tsavo mchana kweupe, na watoto wakikaa karibu na dirisha wanaweza kuwaona ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi la udongo wa kule. Pia mnafika Miritini alasiri, saa ambayo nyumba nyingi ndipo zinapowapokea wageni. Ile ya saa tisa alasiri huwafikisha usiku. Ile ya saa nne usiku huwatupa Miritini kabla ya alfajiri, watoto wamelala mabegani, nyumba haijawa tayari, na teksi ya saa hizo haina huruma.

Fikeni Syokimau saa nzima kabla ya treni kuondoka, au zaidi mkiwa na mizigo mingi. Nje ya jengo mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria husogea pembeni, na mbwa wa polisi hupita akinusa begi moja baada ya jingine. Ndipo mnaingia kwenye mashine za ukaguzi. Watoto wanaoogopa mbwa waambieni mapema. Visu vya jikoni viacheni nyumbani, na chakula cha njiani fungeni wenyewe, kwa sababu bei za mle ndani ni za mle ndani.

Treni ikijaa, mabasi yapo. Ofisi zake ziko River Road, Accra Road na mitaa ya hapo karibu, na mengi hushusha Mwembe Tayari, katikati ya Mombasa. Chukueni la mchana. Barabara ile ya kilomita 480 hivi imejaa malori, na usiku si mahali pa kubahatisha na watoto. Hilo linamhusu pia mwenye gari. Gari dogo litakunywa kama lita 40 kwa upande mmoja. Mkiwa watu watano au sita hesabu hiyo inaanza kukaribia ya treni, na mkifika mnaokoa pesa za tuktuk. Mkiwa wanne, treni inashinda.

Hatua ya 4: Nyumba, na maswali ya kumwuliza mwenye nyumba

Kwa familia, nyumba ya kukodi kwa siku yenye jiko huishinda hoteli kwa mbali. Hoteli hata ikiwapa kiamshakinywa, bado milo miwili ya watu wanne mnainunua kila siku. Tafuteni Bamburi na Shanzu kwanza, ambako ufuo uko karibu na matatu hazikatiki. Mtwapa, ng'ambo ya mkondo, mara nyingi ni nafuu zaidi. Nyali ni pazuri ila utalipia jina. Diani ina mchanga mweupe mzuri ajabu, lakini bei zake ni za watalii, nami ningeiacha kwa safari ya pili.

Mkiwa bado mnatamani hoteli, ulizeni nyumba za wageni za makanisa. Zipo kadhaa ufuoni, ni safi na tulivu, na hupokea familia za dini zote. Ubaya wake ni kwamba hujaa mapema.

Msikubali nyumba kwa kutazama picha. Mpigie mwenyewe au mlinzi simu ya video na umwombe atembee nayo kutoka langoni hadi jikoni, afungue bomba, awashe jiko, aonyeshe dirisha la chumba cha watoto. Mazungumzo huwa kama hivi:

"Dada, maji ya mferejini ni matamu au ya chumvi?"

"Ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Ya kunywa twanunua mtungi hapa dukani, si mbali."

"Na umeme?"

"Tokeni zi ndani ya bei, lakini ukiwasha eesi waongeza mwenyewe."

Majibu hayo mawili tu yameshabadilisha bajeti yako: kuna mtungi wa maji wa kununua, na eesi, yaani kiyoyozi, ni gharama ya pembeni. Mkipata ghorofa ya juu yenye upepo na feni nzuri kila chumba, eesi mnaweza kuiacha. Ulizeni pia kama kila kitanda kina chandarua, kama friji inafanya kazi, kama gesi ni yenu au mnajaza, na kama jikoni kuna mbuzi ya kukunia nazi. Hilo la mwisho litawafurahisha wenyeji, na litawapikia wali mzuri.

Swali ambalo wageni husahau ni hili: "Kwa miguu, ni dakika ngapi hadi njia ya umma ya kwenda baharini?" Ufuo wenyewe ni wa watu wote, lakini kati ya barabara na maji kuna kuta ndefu za mahoteli, na njia za umma ziko mbali mbali. Nyumba inayotangazwa kuwa mita 300 kutoka baharini huweza kuwalazimu kuzunguka nusu saa juani mkiwa na mtoto na ndoo ya mchanga.

Malipo sasa. Wezi wa mtandaoni hupenda familia zinazotafuta nyumba Desemba, kwa sababu zina haraka. Bei ikiwa chini mno kuliko za jirani, ulizeni kwa nini. Linganisheni jina linalotokea M-Pesa na jina mliloambiwa. Mkikodi kupitia Airbnb au tovuti nyingine, malipo yapitie humohumo hata mwenye nyumba akiwashawishi mtoke nje kwa punguzo. Mkikodi moja kwa moja, toeni arbuni ndogo na iliyobaki mlipe mkishafungua mlango. Mwenye nyumba wa kweli huelewa. Na kama mna ndugu, rafiki au hata mtu wa kanisa lenu anayeishi Mombasa, nauli ya matatu ya kumtuma akatazame ni pesa iliyotumika vizuri sana.

Hatua ya 5: Mizigo

Bebeni kidogo. Nguo nyepesi, leso mbili kwa kila mtu mzima, fulana za mikono mirefu za watoto kuogelea nazo ili migongo isibabuke, kofia, mafuta ya kukinga jua, dawa ya mbu, dawa ya homa ya watoto na pakiti za maji ya chumvichumvi ya kuhara. Viatu vya sandak, vile vya plastiki, kwa kila mtoto ni lazima, sababu yake nitaieleza. Unga na mchele msibebe, maduka yapo.

Hatua ya 6: Kutoka Miritini

Mkishuka mtapokelewa na madereva wengi kwa sauti kubwa. Wapiteni kwa heshima, "asante ndugu yangu, tumeshapanga", hadi kwenye matatu nje ya kituo. Zipo za kwenda mjini na zingine huelekea Bamburi. Mkiwa na mizigo mingi, iteni teksi kwa programu ya simu ili bei iwe wazi kabla ya kupanda. Tuktuk hubeba abiria watatu, nayo bei inakubaliwa kabla ya kuketi, wala si mkifika.

Waliochagua Diani wana bahati siku hizi. Barabara ya Dongo Kundu huanzia upande uleule wa Miritini na kuvuka kwa madaraja hadi Kwale, kwa hiyo gari halina haja ya kupanga foleni ya feri Likoni. Lakini hata mkilala Bamburi, siku moja wavusheni watoto kwa feri ya Likoni. Mtembea kwa miguu halipi kitu, na meli zikiingia bandarini hupita mbele ya macho yenu. Shikeni watoto mikono, umati ule husukuma.

Hatua ya 7: Chakula, mahali ambapo akiba kubwa hupatikana

Kanuni yangu ni mlo mmoja wa kununua kwa siku, na uwe wa barabarani. Asubuhi tumeni mtu mzima mmoja na mtoto mmoja waende kutafuta mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Huuzwa mitaani asubuhi mapema, na ukichelewa unakuta sufuria tupu. Jioni kuna viazi karai, bajia, mishkaki na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Familia hushiba kwa bei ya sahani moja ya mkahawa wa ufuoni.

Mchana pikeni. Siku ya pili asubuhi nendeni soko la Kongowea, mnunue mboga, ndizi, nazi, na maembe kama ni msimu wake, na Novemba huwa umeshaanza. Samaki mnunue asubuhi kwa wavuvi au sokoni: changu na tafi ni wa kukaanga na hawana gharama kubwa. Mwombe muuzaji awapare magamba na kuwatoa matumbo palepale. "Mamangu, nitengenezee kabisa, nina watoto wananisubiri," na atafanya huku akikupa na namna ya kumpaka viungo. Watu wa Pwani hawana uchoyo wa maneno. Ukisalimia vizuri kabla ya kuuliza bei, bei yenyewe hulainika.

Biriani moja ya Mji wa Kale iwekeni kwenye hesabu, kwa sababu kuja Mombasa na kuikosa ni kujidhulumu. Na madafu. Muuzaji akishakata kichwa cha dafu na mkanywa maji yote, mrudishieni. Atalipasua katikati kwa panga, achonge kipande cha ganda kiwe kijiko, na mtoto atakwangua ile nyama nyororo ya ndani. Hiyo ni kiu na njaa kwa bei moja.

Ikiwa mtasafiri mwezi wa Ramadhani, jueni kwamba vibanda vingi vya Mji wa Kale hufungwa mchana, na jioni baada ya futari mitaa huamka na vyakula visivyoonekana miezi mingine. Panga mlo wa kununua uwe wa usiku.

Hatua ya 8: Siku za baharini hufuata maji

Mnairobi huamka saa tatu, hunywa chai, hufika ufuoni saa tano na kukuta bahari imeondoka. Imerudi nyuma mamia ya mita, imeacha mwani, madimbwi na mawe. Hakuna aliyemwambia habari za kujaa na kupwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake Mombasa hufika mita 3 na zaidi. Siku hizo kwa kawaida maji hupwa sana asubuhi kuelekea saa tano, na kujaa alasiri kuelekea jioni. Kati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo, hivyo kuogelea huwezekana saa nyingi zaidi. Jedwali la maji ya Mombasa mtalipata kwenye intaneti, au mwulizeni mvuvi yeyote, naye atawajibu bila kutazama popote.

Mkishajua hayo, siku inajipanga yenyewe. Maji yakipwa, watoto wavae sandak na wachungulie madimbwi pamoja na mtu mzima: kuna kaa wadogo, viti vya pweza wenye umbo la nyota, na wale wanyama weusi wa miiba ambao ukiwakanyaga miiba hukatikia nyayoni. Ndiyo sababu ya sandak. Maji yakianza kurudi, tokeni mapema. Hujaza nyuma yenu kabla ya mbele. Maji yakijaa, ogeleeni karibu na ufuo.

Usalama hauna punguzo. Kila mara mtu mzima mmoja awe wa kutazama watoto tu, bila simu, na mbadilishane. Wavisheni rangi kali, nyekundu au ya machungwa, kwa sababu nguo ya buluu haionekani ndani ya maji. Maboya ya mipira ya magari yanayokodishwa pale Jomo Kenyatta hufurahisha, lakini upepo huweza kuyavuta mbali na mtoto akiwa juu yake. Mtoto asikae juu yake bila mkono wa mzazi, na mahali pa kusimama pawe penye maji ya kiuno cha mtu mzima.

Kila huduma ya ufuoni ina bei ya kuzungumzwa: boya, ngamia, mpiga picha. Ulizeni bei ya wote kwa pamoja na muda wake, mkubaliane, ndipo mpande. Kwa mpiga picha semeni idadi ya picha mnazotaka kabla hajaanza, la sivyo atawaletea arobaini. Kwa mashua ya sakafu ya kioo ulizeni maswali mawili: kuna jaketi za kuokolea zinazowatosha watoto, na bei hiyo ina ada ya hifadhi ya bahari ya KWS, shirika la wanyamapori, ndani yake? Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni chupa zenu za nyumbani.

Hatua ya 9: Siku mbili za kupumzisha ngozi

Siku ya tatu watoto watakuwa wameungua mabega. Siku hiyo iwe ya mjini. Anzeni Fort Jesus asubuhi kabla ya joto. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 na kuitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza gereza hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watoto wasimulieni ule mzingiro wa karibu miaka mitatu mkiwa mmesimama juu ya kuta zenyewe. Watauliza maswali kuliko darasani. Bebeni vitambulisho, kwa sababu bei ya Mkenya ni tofauti na ya mgeni, na M-Pesa iwe na salio.

Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Vaeni nguo za heshima, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha za watu au milango ya nyumba, na Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala. Soko la Marikiti ya Mombasa liko karibu: nunueni viungo, achari na mabuyu ya kupeleka nyumbani. Ni zawadi za bei ndogo ambazo majirani hufurahia kuliko kinyago. Malizieni Mama Ngina, jioni, krispu za mihogo mkononi.

Siku nyingine iwe ya Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye mwamba ule, kisha akaleta majongoo watafune majani yaliyoanguka hadi udongo ukaanza kujitengeneza. Leo ni msitu wenye twiga. Kiboko Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, aliletwa hapo na kumfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mzazi wake. Ulizeni langoni saa ya kuwalisha twiga kwa mkono, na mpange kufika wakati huo. Kati ya mambo yote ya kulipia, hili ndilo ningelilinda hata bajeti ikibana.

Hatua ya 10: Kurudi, na wiki mbili baadaye

Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile na ya kwenda. Asiyefanya hivyo Desemba hujikuta kwenye basi la usiku. Chukueni treni ya asubuhi na muwe Syokimau alasiri. Acheni siku moja nzima kabla ya kazi, na pesa ya chakula cha siku tatu iwe imebaki Nairobi, jikoni kwenu, kabla hamjaondoka.

Nairobi hatujazoea malaria, Pwani ipo. Laleni ndani ya chandarua hata kama hamsikii mbu, na mwenye mimba au mtoto mchanga azungumze na daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga. Ugonjwa huu huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza tangu mbu aume, kwa hiyo mara nyingi homa hushika mkiwa mmeshasahau safari. Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, msiseme ni baridi ya Nairobi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba mlikuwa Mombasa, ili apimwe damu.